Amri isiyoandikwa huuzwa rejareja mpakani

Kuna mivutano miwili isiyokwisha katika mabaraza yetu ya mitaa, kuanzia Masafu hadi mji wa Busia, na kutoka hapo hadi Tororo. Wa kwanza unahusu saa za kufungua na kufunga biashara. Wa pili unahusu nyumba za zamani zilizo katikati ya miji: je, zivunjwe ili maghorofa yajengwe ama zihifadhiwe? Mambo haya huzungumzwa kana kwamba hayahusiani. Saa za kufunga huachiwa polisi na maafisa wa leseni, nazo nyumba kuukuu huachiwa wenye viwanja na wakandarasi.

Maoni yangu ni kwamba ugonjwa ni mmoja. Uamuzi unaotolewa kwa mdomo, bila kuandikwa na bila kumuuliza jirani wa ng'ambo, hugeuka bidhaa. Huuzwa rejareja, usiku kwa usiku na ukuta kwa ukuta, na mnunuzi ni yule aliye na pesa mfukoni.

Nasema haya nikiwa mwalimu niliyerejea nyumbani. Wazazi wangu walivuka kuingia Kenya wakati wa vita vya miaka ya 1980, nami nikasomea huko hadi kumaliza sekondari. Nilirudi na Kiswahili cha darasani, cheti cha nchi nyingine na mazoea ya kuuliza, "Imeandikwa wapi?" Ninyi mliorudi kama mimi mnajua chanzo cha mazoea hayo. Ugenini, mtu asiye na karatasi hana neno. Kinachoshangaza ni kwamba nyumbani kwetu amri nyingi zinazogusa riziki ya watu hazina karatasi kabisa.

Mpaka mmoja, saa mbili

Tuanze na saa za biashara. Itakumbukwa kwamba mwaka 2010 Kenya ilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Vileo, ambayo wengi waliiita sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Sheria hiyo iliamuru baa ziuze pombe kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku mwishoni mwa juma na siku za sikukuu. Katiba ya mwaka huohuo iliweka leseni za vileo na biashara ya masoko mikononi mwa kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka 2013.

Upande wetu wa Uganda hoja kama hiyo ilifika Bungeni mwaka 2023, tena ikiletwa na mtu wa eneo hili. Mheshimiwa Sarah Opendi, wakati huo mbunge wa wanawake wa Wilaya ya Tororo, aliwasilisha mswada uliotaka pombe iuzwe kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku siku za kazi, na kati ya saa sita mchana na saa sita usiku mwishoni mwa juma. Mnamo Novemba 2024 Bunge liliutupilia mbali.

Sitaki kuingia katika ubishi wa kama mswada ule ulikuwa mzuri au mbaya. Nataka tufanye hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote wa mpakani angeifanya kwa vidole. Kama ungepita, na ng'ambo zikafuatwa saa zile za 2010, basi siku za kazi baa za Uganda zingefungwa saa nne na za Kenya saa tano. Mnywaji angevuka kwenda Kenya kwa saa moja zaidi. Mwishoni mwa juma Kenya ingefunga saa tano na Uganda saa sita, na mnywaji yuleyule angevuka kurudi Uganda kwa saa moja zaidi. Asingepunguza hata glasi moja. Kitu ambacho kingeongezeka ni idadi ya watu wanaoyumba barabarani usiku kati ya nchi mbili.

Jambo hili si la kufikirika tu. Tulikwisha kuliona wakati wa korona. Kafyu ilianza pande zote mbili katika siku za mwisho za Machi 2020, na kote ilikuwa ikianza saa moja jioni. Lakini haikwisha pamoja. Kenya iliiondoa Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa. Uganda iliendelea nayo hadi Januari 2022. Kwa takriban miezi mitatu, usiku uleule ulikuwa halali hatua chache mashariki na haramu hatua chache magharibi.

Ukiongeza hapo kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambacho marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua Februari 2018, utaona kioja kamili. Kituo hicho kilijengwa ili mizigo isikae. Lori hukaguliwa mara moja, upande mmoja, na forodha hazilali. Serikali kuu zimemwambia dereva aendeshe usiku. Sasa baraza la mtaa likimwambia mama wa chai afunge saa tatu, dereva huyo ale wapi? Mkono mmoja wa serikali unafungua barabara na mwingine unafunga jiko.

Masafu hailali kwa sababu nyingine

Masafu haiko kwenye mstari wa mpaka. Iko kusini-magharibi mwa mji wa Busia, kwenye barabara ya kwenda Lumino. Kinachoifanya Masafu ikeshe si malori bali hospitali. Wagonjwa huletwa saa zote, na kila mgonjwa huja na watu wake: mama mzazi, shangazi, kaka aliyekodi pikipiki usiku wa manane. Watu hao wanahitaji uji, chai, mkate, sabuni, mshumaa, beseni na muda wa maongezi wa simu. Anayewauzia si tajiri wa mjini. Ni mwanamke mwenye meza, jiko la makaa na taa ya sola.

Amri ya kufunga mapema ikitangazwa, inamwangukia nani? Mwenye baa ana mlango wa nyuma. Huzima taa za mbele, hupunguza muziki na kuendelea. Mwenye duka la jumla huwa amekwisha kufunga kwa hiari yake. Mwenye meza hana mlango wa mbele wala wa nyuma. Moshi wa jiko lake unaonekana kutoka mbali. Yeye ndiye atakayekamatwa, yeye ndiye atakayemwagiwa uji, na ndiye atakayelipa "kitu kidogo" ili kesho aachwe.

Hapo ndipo amri inapoanza kuuzwa rejareja. Saa ya kufunga isiyoandikwa haina faini iliyoandikwa. Faini isiyoandikwa haina risiti. Pesa isiyo na risiti haiingii katika hazina ya baraza, kwa hiyo haizoi taka wala haiwashi taa hata moja ya barabarani. Kila usiku mama huyu hununua upya haki ambayo sheria haijamnyima.

Niliwahi kuuliza katika ofisi moja amri ya namna hiyo ilitoka kikao gani na tarehe gani. Nilijibiwa kwa heshima zote, "Mwalimu, mambo hayo yanajulikana." Yanajulikana na nani? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 haisemi hivyo. Inaruhusu baraza la wilaya kutunga sheria za wilaya, na mabaraza ya chini yake, kama vile la gombolola au la mji mdogo, kutunga sheria ndogo zao. Lakini sheria ndogo hujadiliwa kikaoni, haiwezi kupingana na Katiba wala sheria za nchi, na ile ya baraza la chini hupelekwa wilayani ikathibitishwe. Kwa ufupi, amri halali ina anwani. Ukikosa kuipata katika kumbukumbu za vikao, basi hiyo si sheria bali ni maoni ya afisa aliyevaa sare.

Hoja ya wazazi

Ni lazima tuwe waadilifu. Wanaodai saa za kufunga si wote maadui wa wafanyabiashara. Wazazi wanalalamika, na wana haki. Shule za Uganda zilifungwa, kikamilifu au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022. Sisi walimu tuliona matokeo yake kwa macho yetu: watoto waliozoea kuuza karanga na mayai usiku hawakurudi wote darasani, na wengine waliorudi walikuwa wakisinzia. Muziki wa baa ukipigwa hadi alfajiri karibu na bweni au wodi, mtoto hasomi na mgonjwa halali.

Lakini tuangalie dawa inayofaa kila ugonjwa. Mtoto kuuza usiku ni suala la ulinzi wa mtoto, na mhusika ni mzazi na anayemtuma. Kelele nazo zina kanuni zake za kitaifa tangu mwaka 2003, ambazo hutenganisha kiwango cha mchana na cha usiku na kuzitambua sehemu zinazohitaji utulivu kama hospitali. Kwa hiyo baraza lina chombo tayari. Jiko la makaa halipigi kelele. Kumfunga mwenye uji kwa sababu spika za jirani yake zinanguruma ni sawa na kumtibu mwenye afya na kumwacha mgonjwa.

Nyumba yenye baraza

Tuje sasa kwenye kuta. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilipitishwa Eldoret hadi Tororo, ikafika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931. Pamba na reli ndivyo vilivyoleta maduka ya Wahindi katika miji ya mashariki ya Uganda. Ramani ya nyumba hizo tunaijua sote: baraza mbele, duka katikati, makao ya familia nyuma, na mara nyingine mwaka wa ujenzi umechongwa juu ya mlango. Baraza ile ilikuwa ya watu wote. Fundi cherehani alikaa hapo, mkulima alipumzika hapo akingoja bei, mvua ilipowakuta watu walijikinga hapo. Si ajabu kwamba Kiswahili kinatumia neno hilohilo kwa ukumbi wa nyumba na kwa mkutano wa wakubwa.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zao ziliwekwa chini ya bodi ya kutunza mali za walioondoka. Mwaka 1982 ikaja sheria ya kuwaruhusu kudai mali zao. Katikati ya miaka hiyo, na hata baadaye, nyumba nyingi zilikaa na wapangaji wasiojua kama kesho wataamkia humo. Mpangaji asiyejua kesho hapaki rangi, habadilishi bati, hazibi ufa. Kwa hiyo mtu akisema leo, "Nyumba hizi ni mbovu, zivunjwe," tumjibu kwamba ubovu wake haukuletwa na umri. Uliletwa na miongo ya kutojulikana mwenyewe ni nani.

Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengine. Wako waliorudi wakakuta boma limekuwa shamba la mtu, mpaka wa kiwanja umehamishwa na wazee waliojua wamefariki. Hati zilikuwa zimeungua au kupotea njiani. Katika mashauri ya namna hiyo kona ya duka kuukuu, kisima cha zamani au mti wa mwembe huwa ushahidi. Mzee husimama akasema, "Kutoka ukuta ule hadi hapa palikuwa pa fulani." Ukivunja ukuta ule bila kuupiga picha, bila kuupima na bila kuuandika, umemfukuza shahidi mahakamani. Wenye pesa wanalijua hilo.

Tena historia ya hapa haikuanza na Wahindi wala Waingereza. Hadi mwaka 1902 nchi iliyo mashariki yetu, pamoja na Kisumu, ilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Waingereza ndio waliosogeza mpaka. Wasamia na Wateso walijikuta nchi mbili bila kuhama kitanda. Kule Kakapel, Kaunti ya Busia nchini Kenya, kuna michoro ya kale kwenye mwamba, na mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba kunde iliyochimbuliwa hapo ina umri wa miaka kama 2,300. Ni miongoni mwa ushahidi wa zamani kabisa wa kilimo katika eneo hili la Afrika, na mbegu yenyewe ilitoka mbali. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wakipita hapa na bidhaa zao kabla ya forodha yoyote. Hata neno boda boda, linalotumika sasa Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa na waendesha baiskeli wa mpaka huu miaka ya 1960.

Kuorodhesha hakutoshi

Msomaji anaweza kusema, basi nyumba ziwekwe katika orodha ya urithi na mambo yaishe. Haiwi rahisi hivyo. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Una mamlaka yake maalumu. Hata hivyo, Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao ukuta wenyewe unaweza kuua.

Kwa upande mwingine, kelele za raia huweza kusaidia. Mwaka 2011 kulikuwa na mpango wa kuvunja Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala ili pajengwe jumba refu la biashara. Wanaharakati walipinga na kwenda mahakamani. Jumba hilo, ambalo jengo lake la sasa ni la mwaka 1954, bado limesimama. Liliokolewa na mjadala wa hadharani. Nyumba za Tororo na Busia haziko mbele ya kamera za Kampala. Zikivunjwa usiku wa Jumamosi, Jumatatu ni kifusi.

Sheria hazikosekani. Ile ya kumbukumbu za kihistoria ya mwaka 1967 ilifuatwa na mpya mwaka 2023. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, kwa hiyo ujenzi unahitaji kibali cha kamati husika hata katika miji midogo. Ng'ambo, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Kinachokosekana ni orodha ya mtaa: nyumba gani, kiwanja gani, ilijengwa lini, ina nini cha kulindwa. Bila orodha, afisa anaweza kuita nyumba moja "urithi" leo na "hatari kwa umma" kesho, kutegemea nani amepita ofisini. Ni mchezo uleule wa mama wa uji, ila bei yake ni kubwa zaidi.

Saa na kuta hukutana mahali pamoja

Swali kuu la uhifadhi ni hili: nani atalipia bati jipya? Baraza halina pesa. Wafadhili huja na kwenda. Mlipaji wa kweli ni kodi ya pango, na kodi ya pango hutoka kwenye mauzo. Duka lenye baraza ambalo wateja wake wanaruhusiwa kukaa hadi saa nne usiku linaweza kulipa fundi. Duka lililofungiwa saa moja halilipi, mwenye nyumba anachoka, na mkandarasi anabisha hodi. Anayefupisha saa bila kufikiri anaharakisha nyundo.

Kwa hiyo nina mapendekezo manne kwa madiwani wetu.

Mosi, kila saa ya kufunga iandikwe katika sheria ndogo, ibandikwe sokoni na ofisi ya LC1 kwa Kiswahili na kwa lugha za hapa, ikitaja faini na kwamba faini hutolewa risiti.

Pili, biashara zisitiwe katika kapu moja. Chakula, dawa na mahitaji ya wagonjwa karibu na hospitali visiwe na saa ya kufunga. Baa ziwe na saa yake, na kelele zipimwe kwa kanuni za kelele.

Tatu, baraza la Busia upande wa Uganda na wenzao wa Kaunti ya Busia wakae meza moja kabla ya kubadilisha saa. Upande mmoja ukifunga peke yake, biashara haifi. Inahama, na ushuru unahama nayo.

Nne, shule zitumiwe kuandika orodha ya nyumba za zamani. Mwanafunzi wa sekondari aliye na daftari na futi ya kupimia anaweza kumhoji mzee, kupima baraza na kunakili mwaka ulio juu ya mlango. Kamati ya mipango ipokee orodha hiyo na isitoe kibali cha kuvunja nyumba iliyomo bila kikao cha wazi.

Haya hayahitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Yanahitaji kalamu, ubao wa matangazo na ujasiri wa kuuliza. Kila mwaka mabaraza huitisha mkutano wa bajeti ambao raia anaruhusiwa kuhudhuria. Wenye baa na wakandarasi hawakosi kuwa na mtu wao mle ndani. Mama wa uji huwa jikoni, na mkimbizi aliyerudi huwa bado anajiona mgeni. Safari ijayo tuingie, tukae viti vya mbele, na amri yoyote itakayotajwa tuulize kwa adabu imeandikwa wapi.